Kale kajiti ka mtawanda kanaitwaje?

mkaa_langoni: Asalam aleikum wanajamvi. Jana nilikua namsaidia bibi yangu kupanga sanduku lake hapa Lamu nikakuta mitawanda ya zamani, mti umelika kisiginoni mpaka umelala upande, na mmoja kale kajiti ka kushikia kwa vidole kametoka. Nikamwambia bibi slipa zako za mbao zimeharibika, akanicheka mpaka akapaliwa, ati slipa! Akataja jina la hako kajiti nami nikalisahau hapo hapo, saa hii naona haya kumuuliza tena. Nani analijua? Na mbona wazee kila kiatu walikipa jina lake, sisi tumebaki na slipa na raba tu

binti_shela: Msuruaki huo. Wa mti ni msuruaki, na kale kakanda ka ngozi kanakopita kati ya vidole kwenye makubadhi ni gidamu, usichanganye. Kwetu mitawanda ilikua ya chooni na ya kutilia udhu manake sakafu ina maji na ngozi ikirowa yaharibika, usiku wajua mtu kaamka kwa ule mlio tu, ko ko ko. Wahindi nao wana vya kajiti vivyo hivyo, paduka.

fundi_ngozi: Wa aleikum salaam. Slipa na buti ni za Mzungu, champali tumechukua kwa Wahindi, lakini kiatu chenyewe ni Kibantu kabisa, Mkikuyu asema kiratu, sisi ile r imetudondoka njiani. Nashona makubadhi, na mteja hunijia na kiatu mkononi ati "fundi hapa pamekatika" anaonyesha kidole, mtu mzima na ndevu zake! Gidamu ndio hutangulia kukatika manake kila ukinyanyua mguu yavutwa hio, hapo mi hupiga uzi mara mbili.

malindi_mjini: Mmesahau sapatu, kile cha kutumbukiza mguu tu nyuma hakifungwi. Hio ni Kireno, sapato. Da Gama alifika hapa kwetu 1498, watalii kila siku wako kwenye nguzo yake wanapiga picha wala hawajui kwamba Wareno walituachia na neno la kiatu 😂 Alafu zile za mpira ni ndara, sio slipa, mtuheshimu.

binti_shela: Ndara sawa, ila ukivuka Tanzania utasikia kandambili au malapa. Ikichomoka gidamu wapitisha msumari kwa chini waendelea na safari, tusidanganyane sote tumefanya. Zikishindikana zaishia baharini, na ndizo walizookota hapa Lamu wakaundia lile jahazi la Flipflopi, 2018, plastiki tani 10 na ndara 30,000, mwaka uliofuata likaenda mpaka Unguja.

mkaa_langoni: Msuruaki!! Ndio hilo hilo. Nimerudi kwa bibi nikajifanya nalijua siku zote, akaniuliza nani kakufundisha, nikasema intaneti. Basi hio intaneti, asema, imtafutie na fundi wa kumchongea mwengine.