Biti za kufungulia skrubu na bolti za magari: nianze kununua zipi kwa gereji ndogo?

FundiTabata

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Nina gereji ndogo maeneo ya Tabata. Kwa miaka minne magari niliyoyapokea yalikuwa karibu yote ya Kijapani, hasa Toyota IST, Vitz na Noah, ambayo spana za 10, 12 na 14 pamoja na bisibisi mbili zilitosha kuyamaliza. Tangu mwaka jana wateja wameanza kuniletea Volkswagen na BMW, na ndipo nilipotambua jinsi sanduku langu la vifaa lilivyo na mapengo.

Yamenipata mambo mawili ndani ya mwezi mmoja. La kwanza ni Honda Fit iliyokuja kubadilishiwa diski za breki za mbele. Kila diski imeshikwa na skrubu mbili zilizozama kichwa, na nilipoigusa ya kwanza kwa bisibisi ya nyota (ya msalaba) namba 2 ninayoitumia kila siku, bisibisi ilizunguka ndani ya kichwa na kuacha shimo la duara linalong'aa, huku mteja akiwa amesimama pembeni yangu akitazama. La pili ni Golf iliyopasuka buti, yaani mpira wa kufunika kiungo, ya draivu shafti. Nilidhani bolti zake ni za Torx, yaani tundu la nyota yenye ncha sita, nikachomeka ile iliyokaribiana nazo kwa ukubwa, ikaingia kwa kuchezacheza, nikakaza racheti, na meno ya bolti yakalika.

Nilipokwenda Kariakoo nikaomba biti za nyota, muuzaji akanitolea za msalaba, kwa sababu dukani "nyota" ndiyo hiyo. Nilipomweleza kuwa ninataka nyota hasa, yenye ncha sita, akanionyesha boksi moja la vipande zaidi ya mia lenye kila aina. Naomba ushauri wenu: nilichukue boksi hilo au nichague chache zilizo bora? Na nitazitambuaje aina hizi kabla sijaharibu gari la mtu mwingine?

MzeeWaGerezani

Pole kijana wangu. Kwa skrubu za diski za Honda hukuwa wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho, kwa hiyo nitaanza na hizo.

Msalaba ulio kwenye gari la Kijapani kwa kawaida si Phillips, hata kama macho yanakwambia ni uleule. Phillips ni muundo wa Marekani, ulioingia kwenye utengenezaji wa magari mwaka 1936 kupitia Cadillac. Wajapani walikuwa na kiwango chao, JIS, ambacho shimo lake linafanana na la Phillips kwa mbali lakini vipimo vyake vya ndani ni tofauti. Ukiingiza biti ya Phillips kwenye shimo la JIS, haizami hadi mwisho, mabawa yake yanashika sehemu ya juu tu, na ukiongeza nguvu inapanda na kuruka nje ikiondoka na kona za skrubu. Kinyume chake si tatizo kubwa, kwa maana biti ya JIS hukaa vizuri tu kwenye skrubu ya Phillips. Ndiyo maana mimi sinunui tena Phillips kabisa. Skrubu nyingi za JIS zina kitone kimoja kidogo kichwani, karibu na msalaba, ingawa zipo zisizokuwa nacho, kwa hiyo kwenye gari la Kijapani chukulia kuwa ni JIS hadi uone vinginevyo.

Kosa lako la pili lilikuwa namba. Skrubu zile za Honda ni namba 3, na wewe ulitumia namba 2.

Nazo hazifunguliwi kwa mkono mtupu, hasa katika mji wetu huu ambako gari linalolala Kigamboni au Msasani linakula hewa ya chumvi usiku kucha. Chokonoa kwanza uchafu ulio ndani ya msalaba kwa msumari hadi uone chuma. Weka mafuta ya kulegeza kutu, uyaache yafanye kazi wakati unafungua gurudumu la upande wa pili. Kisha chukua bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo kitakoni inajizungusha yenyewe kidogo, uifunge biti ya namba 3, uielekeze upande wa kufungulia na uipige nyundo ya uzito, mapigo machache yenye nguvu badala ya mengi ya kubembeleza. Uzuri wake ni kwamba pigo lilelile linalozungusha ndilo linaloizamisha biti shimoni, kwa hiyo haina nafasi ya kupanda.

Iliyokwisha kulika usihangaike nayo. Toboa kichwa chake kwa drili ya milimita 8 hadi kikatike. Skrubu zile zinaishikilia diski tu wakati gurudumu halipo, na gurudumu likishafungwa nati zake ndizo zinazobana kila kitu. Kama diski bado imegoma baada ya hapo, tazama usoni pake utaona matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti mbili za M8, ukaze moja baada ya nyingine kwa zamu, na diski itasukumwa nje yenyewe.

Zamani, kabla biti za JIS hazijawa rahisi kupatikana, tulikuwa tunaisaga ncha ya Phillips kwenye mashine ya jiwe ili izame zaidi, na kazi ilikwenda.

Dizeli_Mbezi

Ninamuunga mkono mzee kwa yote isipokuwa hilo la mwisho. Biti ikisagwa kwa mashine hadi ikabadilika rangi kuwa ya bluu, ugumu wake umeshakwisha, na utaipindisha kwenye skrubu ya kwanza ngumu. Anayelazimika kufanya hivyo asage kidogo kidogo akiichovya kwenye maji.

Sasa nije kwenye Golf, maana huko ndiko ninakofanyia kazi. Bolti ulizokutana nazo zinaitwa XZN. Chukua tochi uhesabu ncha: Torx ina ncha sita zilizoviringwa, kama ua lenye petali sita, na XZN ina ncha kumi na mbili kali, kwa sababu umbo lake ni miraba mitatu iliyopandana. Torx inaingia humo ikagusa sehemu chache tu, na hizo chache ndizo zinazochongeka. Kwa draivu shafti za Volkswagen na Audi utahitaji hasa M8 na M10, na ninakushauri uzinunue zikiwa zimeshikizwa kwenye soketi ya nusu inchi. Kabla ya kuchomeka, chimbua grisi na mchanga uliogandamana ndani ya kila bolti hadi chini, kisha ipige biti nyundo kidogo hadi usikie mlio umebadilika kuwa wa chuma kwa chuma. Wengi huliruka hilo, na biti inayosimama juu ya uchafu, hata ikiwa ya bei ghali kuliko zote mjini, imeshika nusu ya kina chake tu.

Zilizolika kwenye Golf yako zina vichwa vya duara vinavyoshikika kwa nje, kwa hiyo vaisigripu (koleo la kujifunga) iliyobanwa sawasawa inaweza kuzitoa. Weka bolti mpya, usizirudishe hizo.

Kuhusu boksi la vipande mia, mimi ningeliacha. Geuza biti zake za Torx uzitazame nchani, mara nyingi utakuta zote zina tundu katikati. Tundu hilo lina kazi yake, ni la kupisha kijiti kilichomo kwenye skrubu za kuzuia watu wasiohusika, kama zile za sensa ya kupima hewa kwenye baadhi ya magari ya Ulaya. Lakini biti iliyotobolewa ni dhaifu kuliko iliyojaa, na ukiipeleka kwenye bolti ya mkanda wa kiti au ya kalipa ya breki itavunjika, na kipande kitabaki ndani. Pia shina la robo inchi linafaa kwa dashibodi, taa na paneli za milango. Palipokazwa kwa nguvu panataka soketi nzima. Uliza chuma chake ni kipi. S2, chuma kigumu cha kutengenezea vifaa, ndicho ninachokiamini kwa biti.

Kwa hiyo orodha yangu kwa gereji yako ni JIS namba 2 na 3, Torx zisizo na tundu kuanzia T20 hadi T50, XZN M8 na M10, na aleni (za pembe sita) za soketi kuanzia milimita 5 hadi 10. Pozidriv, ile yenye mistari myembamba katikati ya mikono ya msalaba, usiitumie pesa yako kwa sasa. Utaiona zaidi kwenye makabati kuliko kwenye magari.

Bint_Gereji

Naomba kuongeza kuhusu BMW, kwa kuwa ameitaja. Humo kuna bolti ambazo nyota iko nje, kichwa chenyewe ndicho nyota, nazo zinafunguliwa kwa soketi za herufi E, si biti. Nimewaona mafundi wakizilazimishia soketi ya kawaida ya pembe 12, inakubali mara mbili tatu, halafu kichwa kinakuwa mviringo. Seti ndogo ya E8 hadi E14 imenitosha kwa kazi nyingi.

Na kwa msalaba ulioanza kulika lakini haujaisha, pesti ya kusagia valvu ikipakwa kidogo kwenye ncha ya biti huongeza mshiko kuliko unavyotegemea.

FundiTabata

Nawashukuru sana, shikamoo mzee.

Boksi nimeliacha. Nimenunua bisibisi ya kugonga, JIS namba 3 mbili na XZN mbili za soketi. Torx na zile za E nitazifuata mwisho wa mwezi. Honda imerudi jana. Skrubu tatu zilizokuwa nzima zimefunguka kwa nyundo, hakuna iliyozidi mapigo manne. Ile niliyoiharibu niliitoboa kichwa kama nilivyoelekezwa, na diski ilipotoka kilibaki kipande kirefu cha kushikika, nikakibana kwa koleo nikitarajia mapambano, kikazunguka laini kana kwamba kimefungwa asubuhi ileile. Kutu yote ilikuwa imekamata chini ya kichwa. Skrubu mpya nimezipaka grisi kidogo mahali hapo.