Naomba ushauri: Land Rover hii ni Series IIA au Series III?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Dodoma. Nimeonyeshwa Land Rover fupi huko Kondoa, ambayo mwenyewe anasisitiza ni Series IIA ya mwaka 1969, na kadi inasema hivyo hivyo, lakini shoo ya mbele ni ya plastiki na geji ziko mbele ya dereva badala ya katikati ya dashibodi, kama zilivyo Series III zilizoanza kutoka mwaka 1971. Taa kuwa kwenye madigadi hakunisaidii, kwani IIA za mwisho nazo zilikuwa hivyo. Shoo hubadilishwa kwa dakika chache. Dashibodi nzima je? Nilipoijaribu, gia ya pili iliingia bila kukwaruza, jambo lililonitia shaka zaidi, kwani kwenye IIA gia hiyo hukwaruza kirahisi, ingawa giaboksi nayo huhamishwa. Je, nikwangue matope nilinganishe namba ya chesisi na kadi kabla ya kulipa, au kuna alama nyingine ya kuaminika zaidi?