Basi la umeme la shule limeitwa na kiwanda kwa kasoro ya usalama, na wazazi hatujaambiwa

Ndugu wazazi mlioko huku Marekani, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, nanyi mtanisamehe. Binti yangu wa darasa la pili hupanda basi la umeme tangu Septemba. Wiki iliyopita, katika baridi ya kukata masikio, mlango ulipofunguka niliona karatasi imebandikwa kwa selotepu juu ya swichi ya hita, imeandikwa kwa kalamu nene: usiwashe. Dereva, mama wa makamo anayewajua watoto wote kwa majina, alininong'oneza kwamba basi hilo limeitwa na kiwanda kwa marekebisho ya usalama tangu kabla ya shule kufunguliwa, na kwamba vipuri havijafika.

Tangu kabla ya shule kufunguliwa! Mimi najulishwa kwa ujumbe wa simu hata pale menyu ya chakula cha mchana inapobadilika.

Sheria ya shirikisho inamtaka mtengenezaji, akishaiarifu NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani, kwamba gari lina kasoro ya usalama, amwandikie mwenye gari ndani ya siku 60 na alitengeneze bila malipo. Kama vipuri havijapatikana, barua ya kwanza hueleza hatari, na ya pili hufuata matengenezo yakiwa tayari. Lakini mwenye gari ni wilaya ya shule au mkandarasi wake, si mzazi. Barua imefika, imetiwa kwenye faili, na basi limeendelea kubeba watoto.

Nilimwomba dereva namba ya chasisi, nikaiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, nisipate kitu. Kumbe kanuni inayowalazimu watengenezaji kuonyesha kasoro kwa namba ya chasisi inawahusu wanaotoa magari madogo 25,000 au zaidi kwa mwaka, pamoja na watengenezaji wakubwa wa pikipiki. Kwa hiyo gari langu kuukuu napata jibu lake papo hapo, ilhali basi la watoto lilinibidi nilitafute kwa muundo na mwaka, nikichambua nyaraka hadi usiku wa manane, ndipo nikaiona kasoro yenyewe: ni ya hita. Tena tangu 2016, kampuni ya kukodisha yenye magari zaidi ya 35 hairuhusiwi kumkodisha mteja gari lililoitwa hivyo kabla halijatengenezwa. Sheria hiyo haimgusi mwenye basi la shule.

Afisa wa usafiri alinijibu kwa upole unaoudhi kwamba hakuna basi la akiba. Hapo, nikiri, ana hoja. Masharti ya ruzuku ya shirikisho ya kununulia mabasi mapya ya shule, ule mpango wa dola bilioni 5 wa miaka 2022 hadi 2026, yanataka basi kuukuu la dizeli linalobadilishwa liharibiwe: injini inatobolewa tundu la inchi 3 kwa 3 na fremu inakatwa. Ya kwetu yalikatwa majira ya joto. Mimi si adui wa mabasi ya umeme. Binti yangu ana pumu, na moshi wa dizeli ulikuwa ukimkohoza kila asubuhi. Ila kukosa basi la akiba si sababu ya kunificha barua.

Msiniambie nakuza mambo. Septemba 2025 basi la shule la umeme liliwaka moto Montreal, Kanada. Dereva aliwahi kuwatoa watoto salama, na baada ya siku chache serikali ya Quebec ikasimamisha kwa muda mabasi takriban 1,200 ili yakaguliwe. Wazazi wa kule walijua ni mabasi gani na kwa nini.

Ninachodai ni nakala ya barua hiyo, tarehe ya matengenezo, na maelezo ya maandishi kuhusu nani aliyeamua kwamba karatasi na selotepu zinatosha. Nimeshapeleka maombi mara mbili bila kujibiwa. Aliyewahi kuipata barua ya namna hii kutoka wilaya yake, tafadhali anieleze alianzia ofisi gani.