Masundosundo makubwa sehemu za siri: je, ni saratani?

Swali: Ndugu zangu, masundosundo yangu yalianza kama punje za mtama, lakini sasa yameungana yakafanana na koliflawa, na hutoa damu ninapooga. Je, yanaweza kuwa saratani?

Jibu la kwanza: Pole sana. Mengi husababishwa na kirusi cha HPV aina ya 6 na 11, ambazo ni nadra kuleta saratani, tofauti na 16 na 18. Hata hivyo, uvimbe mkubwa unaotoa damu sharti ukatwe kipande kipimwe maabara, kwa sababu upo ule uitwao Buschke-Löwenstein, unaochimba nyama za ndani na pengine kuficha saratani.

Jibu la pili: Podofilini, dawa ya kupaka, hufaa masundosundo madogo. Yangu yalikatwa kwa upasuaji, nikiwa nimechomwa sindano ya ganzi mgongoni, yakaota tena baada ya miezi mitatu kandokando ya kovu, nikarudi yakachomwa kwa umeme. Magadi niliyoyapaka awali (ujinga wangu) yaliniachia kidonda tu.

Jibu la tatu: Pima na VVU, kwani kinga ikishuka hukua upesi. Mwenzi wako, akiwa mwanamke, achunguzwe mlango wa kizazi.