Wataalamu wa SEO wa hapa Dar, acheni kuisingizia algorithimu

Wakuu habari za mchana, mnivumilie leo nimwage maana yamenifika shingoni.

Nina karakana ya fanicha Keko, makochi, vitanda, makabati, na wateja wangu wengi wananipata Google, mtu yuko zake Goba au Kigamboni anaandika kabati la nguo milango mitatu, linatokea la kwangu, anagusa WhatsApp tunapatana bei. Sasa kuna kampuni ya SEO hapa mjini (hiyo kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya Google), jina siweki modi wasije wakaufuta uzi, walinifuata wakasema tovuti yako imechoka, tunakutengenezea mpya na namba moja Google tunakuhakikishia. Laki nane ikatoka. Tovuti ikaja inang'aa kweli, na simu zikakata. Sio zimepungua jamani, ZIMEKATA.

Nampigia jamaa, ananijibu kwa utulivu kabisa, eti bro Google wamefanya apdeti ya algorithimu (ile mitambo yao inayopanga nani atokee juu), dunia nzima imeshuka, inabidi tuongeze bajeti ya kuirudisha juu. Bajeti tena!

Apdeti zipo, sibishi. Panda ya 2011 ilipiga tovuti zilizojaa makala nyepesi za kunakili, Penguin ya 2012 ikawashukia wanunuzi wa linki (wanaolipa tovuti nyingine ziwaunganishe ili Google iwaone maarufu), ile ya Septemba 2023 blogu ndogo nyingi zililia mpaka leo, na ya Machi 2024 ilichukua siku 45 kumalizika, Google wenyewe wakasema takataka kwenye matokeo zimepungua 45%. Lakini hivi vitu haviko gizani, wana ukurasa kabisa wanaandika apdeti imeanza lini imeisha lini, nimeufungua, kipindi tovuti yangu ilipozimika hakuna kitu. Halafu apdeti inakuhamisha tu, ulikuwa wa 3 unajikuta wa 14, mwenzako kapanda. Mimi naandika jina la karakana yangu kama lilivyo kwenye bango sitokei, naandika site: na domeini yangu (anwani ya tovuti), ambayo huonyesha kurasa zako zilizomo Google, sifuri. Hiyo ni algorithimu gani inayomsahau mtu hata jina lake?

Mpwa wangu yuko chuo ndio akaingia Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti hali yake, kurasa zote zimetengwa kwa sababu ya noindex, yaani agizo la kuiambia Google isiziorodheshe. Akaenda WordPress, programu iliyojengea tovuti, kwenye mipangilio ya kusoma, kuna kiboksi cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, kina tiki! Mafundi wanakiwekaga tiki wakati wanajenga ili kazi nusunusu isionekane, wakimaliza wanaitoa. Hawa hawakutoa. Yaani umejengewa duka, limepigwa rangi, shata imeachwa chini, halafu unaambiwa tatizo ni barabara. Na kampuni ina "wataalamu" wa kuvaa lenyadi shingoni!!

Sasa hiyo invoisi ya kunirudisha juu nimeisoma, ndani ni furushi la linki za kununua kutoka tovuti za nje ambazo hata hazihusiani na mbao. Hivi wanadhani tuko 2010? Tangu Penguin ya 2016 Google linki za namna hiyo inazipuuza tu, na Desemba 2022 wakaitumia SpamBrain, mfumo wao wa kunasa spamu, kuzinyang'anya uzito wake, kwa hiyo ningelipia hewa. Na kuhusu hilo la kuhakikishiwa namba moja, Google wameandika wazi kwenye miongozo yao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia. Hakuna. Sasa hawa wenzetu wameipata wapi hiyo hakikisho ya kuuza?

Mpwa ametoa ile tiki, kurasa zimeanza kurudi moja moja, japo lile kabati bado halijaonekana. Jamaa nimemtumia skrinishoti, tiki za bluu mbili, hajibu. Kesho yake analeta meseji ya kukumbushia invoisi, hata salamu hakuna.

Kinachoniuma zaidi, domeini yangu ya .co.tz kumbe waliisajili kwa jina la kampuni yao na wanasema hawaiachii mpaka nilipe. Kuna mtu humu ameshawahi kuhamisha domeini kutoka kwa watu wa hivi? Naanzia wapi, kwa msajili wa domeini au TCRA (mamlaka ya mawasiliano)? Na kama kuna mwingine kaambiwa "ni algorithimu" hivi karibuni, kabla hujatoa hela hebu kaangalie hicho kiboksi halafu njoo utuambie umekuta nini.