Naomba ushauri: moshi unaotuama alfajiri

Habari zenu wakuu. Naishi mji wa pwani wenye vilima kwa nyuma. Mchana upepo wa bahari husafisha hewa, shida ni msimu wa baridi: usiku ukitulia, moshi hunasa bondeni hadi asubuhi na mwanangu mwenye pumu anakohoa.

Nimejaribu kufunga madirisha usiku kucha, ndani kukawa kuzito. Nikanunua kipimo kidogo cha PM2.5 (chembe ndogo sana za moshi na vumbi hewani), alfajiri kinapita 60, na mwongozo wa WHO kwa wastani wa saa 24 ni mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Ila huwa kuna ukungu pia, na vipimo hivi vya bei nafuu huhesabu unyevu kama vumbi.

Nitatofautishaje moshi na unyevu? Na madirisha nifungue saa ngapi, nisubiri upepo wa bahari uanze?