Ami yangu asema 2027 atampigia kura ya rais mtu asiyewahi kushika cheo. Nimwambieje?

BintiLangoni: Asalaam aleikum. Niko Lamu. Ami yangu ni mvuvi na mtu wa chama tangu nimjue. Juzi alikuwa barazani akishona jarife, akasema safari hii kura yake ya rais ni ya mtu ambaye hata udiwani hajawahi kuushika. Nikamjibu hiyo ni kura ya kutupa: 2022 mgombea urais Wajackoyah alipata kura 61,969 tu, hata nusu asilimia hazikufika. Akainamia nyavu zake. Siku ya tatu leo hanisemeshi. Nimekosea wapi?

MzeeMkunguni: Mwanangu, yeye kakupa uchungu wake, wewe ukamrudishia hesabu. Mimi nimevua. Kila uchaguzi twaahidiwa mtambo wa barafu, na kila kaskazi samaki changu twamwachia dalali kwa bei aitakayo, maana jua likipanda huyo samaki si wako tena. Ukishadanganywa na wazoefu, uzoefu wauona hila. Mgeni apendwa kwa kuwa mkono wake haumo katika kosa lolote. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

DadaWaShela: Si kila mwenyeji hupona, mzee. Peru 1990, bei zikipaa kila kukicha, watu walivichoka vyama wakamchagua Alberto Fujimori, mwalimu wa chuo. Aprili 1992 akalivunja bunge, jeshi likimuunga mkono. Tunisia 2019 wakamchagua Kais Saied, mwalimu wa sheria asiye na chama, kwa zaidi ya asilimia 70. Julai 2021 akalisimamisha bunge. Rais asiye na wabunge wake, mswada ampitishia nani? Hilo ndilo la kumuuliza ami yako.

KijanaMokowe: Tena kuna wageni wa kujiita. Ruto 2022 alikuwa naibu rais kwa miaka tisa, akaomba kura kama hasla, mtu wa kujitafutia riziki, akapata. Ila Binti, kura ya ami yako si ya kutupa. Katiba yataka mshindi apite nusu ya kura, na Ruto alipita kwa asilimia 50.49. Wachache tu wangeenda kwingine, tungerudia uchaguzi. Hapo ulimkosea.

BintiLangoni: Shukran nyote. Sikuijua hiyo ya nusu. Baada ya Alasiri nitampelekea kahawa, nimuombe radhi kwanza. La bunge nitamuuliza akishanijibu salamu.